Feni Mbili kwenye Vidato Tisa

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, na kutoka kwa Mama, ambaye amesimama mlangoni hapa ananiambia niandike kwamba anakusalimu, na kabla sijamaliza kuandika ananikumbusha tena nisisahau kuandika kwamba anakusalimu. Hujambo lakini? Kifua kinasemaje? Ulipoondoka ulikuwa unakohoa kwa ule moshi wa kuchomelea vyuma, na Mama anaamini mpaka leo kwamba hufungi kitambaa puani. Funga kitambaa, Kaka. Sisi tupo, tunapumua, na nikisema zaidi ya hapo nitakuwa nimeanza uongo kabla hata ya ukurasa wa pili.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi. Hata mimi najishangaa. Tangu nimalize shule sijaandika kwa mkono kitu kirefu kuliko "picha nne, nyuma bluu". Lakini umezima simu, na yule mwenzako wa chumbani alipopokea ya kwake mara ya mwisho alimwambia Mama kwamba wewe ni mzima, unakwenda kazini, unarudi, huongei na mtu. Akamwambia pia kwamba uliipeleka skuta yako, ile ya kusukuma kwa mguu, karakana ukaikatakata vipande kwa mashine ya kukatia vyuma. Mama alikaa chini kwenye kiti cha jikoni na simu mkononi. Hakuelewa kwa nini mtu mwenye akili zake akate kitu kizima. Mimi nilielewa papo hapo, na ndiyo maana nimekaa hapa na kalamu.

Habari za kazi ni zilezile. Bado niko studio, bado nawaambia watu kidevu juu kidogo, usicheke, tena usicheke. Bosi amenunua taa mpya ambayo inamfanya kila mtu aonekane amefiwa. Watu wanalalamika, yeye anasema ofisi zinazotaka hizo picha hazijali. Mama anaendelea na kazi yake shuleni, ila sasa anaomba ruhusa saa nne aje nyumbani kumgeuza mdogo wetu Kifungo kitandani, halafu anarudi. Mwalimu mkuu ni mtu mwelewa, hajasema neno. Bado.

Sasa nikueleze habari za kundi, maana wewe uliondoka tukiwa watatu na nusu: wewe, mimi na kamera, Breki, na Kifungo ambaye tulimhesabu nusu kwa sababu alikuwa bado anavaa sare ya shule. Simu zako zilikuwa za haraka haraka, na sidhani niliwahi kukusimulia vizuri kilichotokea hapa baada ya ile video yetu ya kwanza kutoka. Ile ya dakika sita na nusu, yenye kipande chako mwishoni, wewe ukizungusha feni mbili, ubao ukiuzunguka usukani mara mbili hewani kama feni, juu ya vidato tisa vya ngazi ya posta ya zamani. Kaka, watu walikuja. Kwanza walikuja wawili kutoka mtaa wa pili, wana skuta za watoto wadogo, usukani umefungwa kwa waya. Breki akawacheka mpaka akakaa chini, halafu akawatengenezea. Mwezi uliofuata wakawa kumi. Mwaka wa pili, Jumamosi ikifika, ngazi za posta zilikuwa zimejaa watu arobaini, na hapo sihesabu wale wa kutazama.

Na si vijana watupu, usidhani. Kulikuwa na karani mmoja wa bima anayekuja na tai yake ameikunja mfukoni. Kulikuwa na muuguzi anayetoka zamu, anaruka mara tatu, anakwenda kulala. Kulikuwa na mama wa watoto wawili aliyekuja kumtafuta mwanawe amchape, akaishia kuomba ajaribu, na akaja kuruka kuliko mwanawe. Mlinzi yule aliyekuwa akitufukuza na rungu, unamkumbuka? Akawa ndiye anayefagia mchanga kwenye vidato kabla hatujaanza, kwa sababu, alisema, hataki damu kwenye zamu yake. Mtu akishuka salama, wote wanagongesha skuta chini, na Mlinzi anagongesha fagio.

Kifungo ndiye aliyekuwa roho ya mambo yote yale. Nasema kweli, si kwa sababu ni mdogo wetu. Pale kiwandani alikoanza kushona sare alipomaliza shule aliomba mabaki ya sponji na kitambaa kigumu, akawa anawashonea watu kinga za magoti. Kila mgeni alipewa jozi siku ya kwanza, kabla hajaulizwa jina. Kidogo kile, cha mviringo vilevile kama siku aliyomeza kifungo cha koti la marehemu Baba tukakimbizana naye hospitali, lakini akisimama juu ya kidato cha kwanza na kupaza sauti, watu arobaini wananyamaza. Na nilikuwa nikiwarekodi wote. Kila baada ya miezi michache nilitoa video, nikaunganisha vipande kwenye kompyuta ya bosi wakati wa chakula cha mchana, mkate mkono huu, kipanya mkono ule. Sikuwahi kuwa na furaha ya namna hiyo maishani mwangu, na sijui kama nitakuja kuwa nayo tena.

Sheria ilikuwa moja, nayo uliiweka wewe. Unakumbuka Breki alivyokuja siku moja akadai kwamba Jumatano, peke yake, hakuna mtu, ameshuka vidato vyote tisa kwa kinyumenyume? Tulicheka sana. Wewe ukasema kuanzia leo hapa hatutaki hadithi: kama hakuna video, hukufanya. Iliandikwa kwa chaki ukutani, mvua ikifuta inaandikwa tena. Ilitusaidia, nakiri. Iliondoa majigambo, ikawafanya hata wageni wapole wawe sawa na wenye midomo. Na ndiyo iliyonipa mimi cheo. Mimi, mtu wa picha za pasipoti, nikawa ndiye ninayejua nani amefanya nini.

Kipande chako ndicho kilichokuwa mwalimu wao. Kila mgeni alikitazama. Na kila aliyefika ngazi ya juu kidogo alijaribu feni mbili zako, na kila aliyejaribu alipungukiwa. Miaka mitano, Kaka, watu kumi na wawili kwa hesabu yangu. Wote ubao ulizunguka vizuri, mara ya kwanza, mara ya pili, mguu ukaupata, halafu gurudumu la nyuma likagonga kidato cha tisa. Wakaruka pembeni, wakachubuka, wakasema dah, huyu kaka yenu alikuwa mtu wa ajabu. Mimi nilikuwa nimesimama pale na kamera, nikiendelea kurekodi.

Ajali Mama alikueleza, lakini Mama hakuwepo. Mimi nilikuwepo, na nadhani una haki ya kujua ilivyokuwa. Ilikuwa Jumamosi, saa tano asubuhi, jua kali. Tulikuwa tunamalizia video mpya, na Kifungo alikuwa amesema wiki nzima kwamba kipande cha mwisho atakitoa yeye, na kitakuwa chako. Alitaka uione kule uliko na uanguke kitandani kwa kicheko. Alikuwa amejiandaa kama mtu wa mtihani. Alikitazama kipande chako kwenye simu mpaka akajua kila kitu: unaanzia kwenye ule ufa wa sakafu, unapiga misukumo mitano, unaruka gurudumu la mbele likiwa kiganja kimoja kutoka ukingoni. Alipima kiganja hicho kwa utepe wake wa kushonea. Akaweka alama ya chaki.

Mara ya kwanza aliachia mapema, akatua kwa miguu. Mara ya pili hivyohivyo. Watu wakamshangilia, Mlinzi akafagia tena. Mara ya tatu ubao ulizunguka, ukazunguka tena, akaukanyaga kwa miguu yote miwili, na nakwambia kwa sekunde ile nilidhani ameshuka. Gurudumu la nyuma likagonga kidato cha tisa. Badala ya kurushwa mbele kama wengine, yeye alikuwa amejiegemeza nyuma, akaangukia mgongo kwenye ncha ya kidato. Hakupiga kelele. Aliniangalia akaniuliza kama nimerekodi. Halafu akasema hasikii viatu vyake.

Madaktari walieleza kwa maneno mengi. Mama alikumbuka moja tu, kwamba miguu haitarudi, na ndilo alilokuambia. Wiki mbili za kwanza nyumba ilikuwa haina pa kukanyaga. Karani wa bima alileta matunda, muuguzi alimfundisha Mama namna ya kumgeuza bila kumchubua. Mwezi wa pili walikuja watano. Sasa anakuja Breki peke yake, na anakaa kwenye ncha ya kiti na kofia mkononi kama mtu anayesubiri kuitwa. Sijawalaumu. Ukimtazama Kifungo unajiona wewe mwenyewe ukisimama juu ya vidato, na hakuna anayependa kutazama hivyo kila wiki. Wenye jengo waliweka vyuma virefu kwenye ngazi, wakambadilisha hata Mlinzi. Ukutani pamepakwa rangi. Jumamosi iliyopita nilipita pale nikakuta watu wawili tu wamekaa ng'ambo ya barabara na skuta zao magotini. Tukasalimiana, basi.

Na wewe ukakata ya kwako. Mwenzako wa chumbani alimwambia Mama kwamba ulisema usingeruka vile, mtoto asingejaribu. Nimekuwa na hilo neno tumboni wiki tatu. Nalala nalo, naamka nalo, naliambia kidevu juu kidogo. Kaka, weka barua hii mezani ukae vizuri, maana nitakayoandika sasa nilipaswa kuyasema miaka mitano iliyopita.

Asubuhi ile ya kuondoka kwako tulikuwa wawili tu. Wengine ulishaagana nao jana yake, Mlinzi alikuwa amekwenda kutafuta chai, na gari lako lilikuwa linaondoka saa tatu. Ulianza kwa kupasha mwili, ukaruka vidato tisa mara moja bila kuzungusha kitu, na kamera ndogo niliyoilaza chini ikachukua magurudumu yako yakitua. Halafu ukaanza feni mbili. Mara ya nne ulianzia kwenye ufa, misukumo mitano, ubao ukazunguka vizuri kuliko zote, lakini ulikuwa polepole. Ukagonga kidato cha tisa, ukaruka pembeni, ukatukana. Baada ya hapo ulirudi nyuma zaidi. Ulirudi mpaka getini kabisa.

Sasa sikia upumbavu wa mdogo wako. Kitufe cha kuanza kurekodi na cha kuacha ni hichohicho kimoja. Mahali fulani katikati, labda mara ya saba, nilikibonyeza mara moja zaidi. Tangu hapo kila ulipokuja nilikuwa nadhani nimewasha, kumbe nimezima, na kila ulipoanguka nilikuwa nadhani nimezima, kumbe nimewasha. Kila mpiga video unayemjua limewahi kumpata hili, watu wanacheka, wanasema rudia. Kamera ndogo ya chini nayo ilikuwa imeisha chaji. Ukaja kutoka getini, ukaruka, ukazungusha mbili, ukatua, ukaenda zako mpaka ukutani. Nilipiga kelele kama mwehu. Ulinibeba. Hukuomba kuona, hakukuwa na muda, ulisema nitakutumia. Ukaondoka.

Mchana studio nikafungua kompyuta. Sekunde tisa, Kaka. Viatu vyangu, sakafu, na sauti yangu ikisema umeshuka, umeshuka. Hicho ndicho nilichokuwa nacho. Jioni ulipofika ukapiga simu, na neno lako la kwanza lilikuwa kuuliza kipande kimetokaje. Sikupanga kukudanganya, naapa kwa marehemu Baba. Mdomo ulisema tu kimetoka vizuri. Ulicheka, ukasema sasa hata nikifia huku kwenye vyuma nina kitu changu. Baada ya hapo ningesema nini?

Kwa hiyo nikaunga. Nikachukua kuruka kwa mara ya nne, ile uliyopungukiwa, nikaikata ukiwa bado hewani. Nikachomeka kutua kwa kamera ya chini, kule kwa kupasha mwili, magurudumu na viatu tu. Nikaweka mlio wa ubao juu ya mkato ili sikio lisigutuke. Viatu vilevile, suruali ileile, mwanga uleule. Ikatokea safi sana, kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Na ile ya sekunde tisa nikaifuta, nikamwaga mpaka takataka za kompyuta, kwa sababu ndiyo ilikuwa inanionyesha mimi nilivyo. Wewe mwenyewe uliniandikia kwamba hukumbuki ulikuwa polepole vile. Nikakujibu kwamba video huwa inapunguza mwendo. Ukaniamini, maana mambo ya video ni yangu.

Umeelewa, sivyo? Hakuna mtu aliyewahi kufundishwa na feni mbili zako. Wote walifundishwa na mara ya nne. Watu kumi na wawili walinakili kwa uangalifu mruko ambao mwisho wake ni kugonga kidato cha tisa, na kila aliyenakili vizuri zaidi aligonga kwa uhakika zaidi. Kifungo alinakili kuliko wote. Alipima kwa utepe.

Na bado sijamaliza, ngoja. Asubuhi ile, alipoweka chaki yake kwenye ufa, nilijua. Si kwamba niligundua baadaye, nilijua palepale. Nikamwambia aongeze mwendo kidogo, arudi nyuma. Akanijibu kwamba Kaka hakuongeza. Hapo ndipo nilipopaswa kuweka kamera chini nimwambie mbele ya watu wote kwamba mdogo wangu, kipande kile ni cha kuunga, shuka hapo. Sentensi moja. Nikafikiria watu arobaini watakavyonitazama. Nikainua kamera. Safari ile kitone chekundu cha kurekodi kilikuwa kinawaka, nilihakikisha mara mbili.

Miezi minne hii Kifungo amelala na simu yake, anakitazama kipande chako. Nikirudi kazini ananiita nimwekee taratibu kwenye kompyuta, fremu moja moja, atafute alipokosea. Na mimi nilikuwa namwekea. Nilikaa kando ya kitanda chake, nikabonyeza, tukatazama pamoja bega lako, goti lako, mkono wako. Siku moja anasema aliinamisha kichwa, siku nyingine anasema uzito wake ni mwingi. Jumapili alikuwa amechangamka. Aliniambia amepata: bega lake la kushoto lilishuka kabla ya lako, ni hilo tu, kosa lote ni lake, na niandike kukuambia usijisumbue. Alikuwa anatabasamu, Kaka. Nikamwambia.

Nilimwambia yote, kama nilivyokuandikia hapa. Aliniacha nimalize. Akaniomba nimwonyeshe mkato uko wapi, nikamwonyesha, akauangalia mara nyingi, akasema ni kazi nzuri. Halafu akauliza kama wewe ulishuka kweli siku ile. Nikasema ulishuka, niliona kwa macho yangu haya. Akauliza nani mwingine aliona. Nikasema hakuna. Akauliza video iko wapi. Nikasema niliifuta. Nilijua anachokwenda kusema kabla hajakisema, kwa sababu wote tumekuwa tukikisoma ukutani miaka mitano. Alisema basi Kaka hakufanya. Alisema amevunjika mgongo kwa kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kukifanya, na kwamba tulijua, wewe na mimi, tukamwacha apime kwa utepe. Nilimwapia, nikalia, nikapiga magoti pale kwenye zulia. Akaniambia nimwite Mama.

Tangu Jumapili siingii chumbani kwake. Chakula anapeleka Mama, na ananiuliza jikoni kwa sauti ya chini nimemfanya nini mwenzangu. Nimemweleza mara tatu. Anasema haelewi, yaani mtu ameunga video, sasa mgongo unaingiaje hapo? Kifungo alimpigia Breki, na Breki akaiondoa video ile mtandaoni siku hiyohiyo, akaandika kwamba kipande cha mwisho kilikuwa cha uongo. Usifungue simu, Kaka, kama ulikuwa na nia ya kuifungua. Wanakuita tapeli. Wale kumi na wawili wameandika, kila mmoja na kovu lake. Nami nikaandika chini yao kwamba ni mimi niliyeunga, kwamba ulishuka, kwamba kitufe ni changu na uongo ni wangu. Wakajibu kwamba dada mtu lazima amfiche kaka yake. Karani wa bima akaongeza kwamba inasikitisha.

Nilipochukua kalamu nilidhani nakutua mzigo. Nilitaka ujue kwamba Kifungo hakuangushwa na mruko wako. Mruko wako ungempitisha salama, kama angeuona. Sasa naona nimekutua mmoja nikakutwika mwingine, maana kitu chako ulichosema unacho, hata ukifia huko, nimekichukua, na sina pa kukirudishia. Mtu pekee anayeweza kukutolea ushahidi ni mimi, na neno langu limekwisha thamani hata kwa mdogo wangu wa tumbo moja.

Lakini wewe unajua, na mimi najua. Ulitoka getini. Ulizungusha mbili. Ulitua magurudumu yote kwa pamoja, umbali wa mkono mmoja kupita kidato cha tisa, ukaenda zako mpaka ukutani bila kuweka mguu chini. Siombi unisamehe, usihangaike kutafuta maneno.

Mama anasema ule vizuri, na kwamba kile kikohozi usikipuuze. Breki hakutoa salamu na sikumwomba. Kifungo nilimwita kupitia mlango asubuhi hii, nikamwambia namwandikia Kaka, je, ana neno lolote. Nilisubiri pale na karatasi mkononi mpaka muda wa kazi ukanipita. Kwa hiyo salamu zake sinazo, na sitakuandikia ambazo hakuzitoa.

Ni mimi mdogo wako,
wa kamera.